Kabla ya kupanda miche, tusome mita za shule

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kila ifikapo Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, magazeti hujaa picha za aina moja: ofisa wa elimu kashika mche, wanafunzi wamemzunguka, mwalimu mkuu anatabasamu pembeni. Mimi sina ugomvi na miti. Ila najua kilichoko nyuma ya picha hiyo. Madarasa ni matupu kwa sababu wanafunzi wote wako nje wanapanda miti, na ndani ya madarasa hayo taa zote zinawaka.

Kabla ya kustaafu nilikuwa fundi umeme wa shule za umma kwa miaka mingi. Nimepanda ngazi kubadilisha taa, nimetambaa darini, nimefungua masanduku ya fyuzi ambayo hayakuwahi kuguswa tangu jengo lizinduliwe. Kwa uzoefu huo nasema kwamba wilaya inayotaka shule zake zipunguze madhara kwa mazingira isianze na kamati wala kaulimbiu. Ianze na mita.

Kuna kipimo ambacho hakigharimu hata senti moja. Ijumaa jioni, geti likishafungwa, andika namba iliyo kwenye mita ya umeme na ile ya mita ya maji. Jumatatu alfajiri, kabla mtu yeyote hajaingia, andika tena. Tofauti ya namba hizo ni matumizi ya shule isiyo na mtu. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilidhani mita imeharibika. Mita ilikuwa nzima. Kulikuwa na hita iliyochemsha maji siku mbili mfululizo bila mtu wa kuyaoga wala kuyanywa. Jikoni friji tatu zilinguruma, mojawapo ikiwa na chupa mbili tu ndani. Chumba cha kompyuta kilikuwa macho chote. Taa za uani ziliwaka mchana kweupe, kwa kuwa kifaa cha kuziwasha na kuzizima kilipoteza saa siku umeme ulipokatika na hakuna aliyekirekebisha.

Upande wa maji ni hivyo hivyo. Choo ambacho vali yake haifungi vizuri kinaweza kumwaga zaidi ya lita 700 kwa siku, kimyakimya. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 11,000 kwa mwaka. Na maji hayo yalisafishwa kwa dawa, yakasukumwa kwa pampu, yaani kila lita inayopotea imebeba umeme wake. Mwanafunzi wa darasa la nne anaweza kuvikamata vyoo hivyo: atie matone machache ya rangi kwenye tangi, asivute maji, arudi baada ya dakika kumi. Rangi ikionekana kwenye bakuli, vali inavuja.

Sasa, kwa nini mambo mepesi hivi hayafanyiki? Nilimuuliza mwalimu mkuu mmoja, mtu mwema na mchapakazi. Akanijibu, “Fundi, hiyo bili ni ya makao makuu.” Sikumlaumu. Ankara haimpitii mezani, haijui, na hata akiipunguza kwa nusu hapati chaki moja ya ziada. Kinyume chake, mwakani atapangiwa bajeti ndogo kwa kuwa ameonyesha kwamba hahitaji nyingi. Wahenga walishasema mkono mtupu haulambwi, na sisi tunawataka walimu waulambe kila siku, halafu tunashangaa.

Mwaka 1994 jiji la Hamburg, Ujerumani, lilianza kulitatua jambo hilo kwa mpango uitwao fifty/fifty. Unahesabu kwanza shule ilitumia kiasi gani katika miaka iliyopita. Kila pesa inayookolewa chini ya kiwango hicho hugawanywa mara mbili: nusu inabaki kwa anayelipa ankara, nusu inakwenda shuleni itumike shule itakavyo. Wanafunzi, mwalimu mmoja na mtunza jengo huunda kikosi, wanazunguka na vipimajoto, wanaandika wapi dirisha liko wazi huku mashine ya joto inafanya kazi, wapi taa zinawaka juani. Baadaye Umoja wa Ulaya ukaugharamia mpango huo, na shule zaidi ya 500 katika nchi 13 zikaujaribu. Uzuri wake ni kwamba hauanzi kwa kununua chochote.

Najua mhasibu wa wilaya atasema fedha iliyookolewa ni ya wilaya nzima, kwa nini impe mtu nusu? Kwa sababu bila huyo mtu haitaokolewa. Hofu nyingine naiheshimu zaidi: mwalimu mkuu mwenye tamaa anaweza kuwasomesha watoto gizani, au kuzima feni za kuingiza hewa, ili mradi apate fungu lake. Hilo lizuiwe mapema kwa kuweka kiwango cha chini cha mwanga na hewa ambacho hakuna anayeruhusiwa kushuka chini yake. Kisha kuna dhuluma ndogo ambayo wapangaji wengi huisahau. Shule iliyokuwa tayari inajibana, yenye mtunza jengo anayezima kila swichi, haina cha kupunguza, na hivyo inatoka mikono mitupu wakati jirani yake mbadhirifu anapongezwa. Shule ya namna hiyo ilinganishwe na wastani wa shule zenye ukubwa kama wake, si na historia yake yenyewe.

Kuna matumizi ambayo tabia peke yake haiyapunguzi, na hapo ndipo wilaya iingize mkono mfukoni. Kwa fundi, la kwanza ni zile tyubu ndefu za madarasani, zenye starta na choki inayolia kama nyuki. Taa ya LED hutoa mwanga ule ule kwa takriban nusu ya umeme. Tena hatuna hiari sana: nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, unaohusu zebaki, madini yenye sumu, zilikubaliana mwaka 2023 kwamba utengenezaji na biashara ya kimataifa ya tyubu hizo vifike mwisho kufikia 2027. Ndani ya kila tyubu mna zebaki. Nimewaona vibarua wakizivunja nyuma ya stoo ili zienee kwenye pipa, na watoto wamesimama wakifurahia mlio. Wilaya ikibadilisha taa iwe na mkataba wa kuzipeleka zile za zamani kwa wanaojua kuzishughulikia kwa usalama, na iziweke kwenye maboksi yake mpaka siku hiyo.

La pili hulisikii likitajwa mahali popote, nalo ni gesi ya viyoyozi. Gesi iitwayo R-410A, iliyomo katika viyoyozi vingi, hulitia joto anga takriban mara 2,000 kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule. Kilo moja ikivuja ni kama umetoa tani mbili za hewa ukaa. Ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali mwaka 2016 na kukubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Huku kwetu mafundi, kiyoyozi kinachovuja huongezewa gesi, mwezi ujao kikaongezewa tena, na kila mara risiti inaandikwa “huduma”. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo, naungama, kwa kuwa niliagizwa nijaze wala sikuagizwa nitafute tundu. Wilaya ipige marufuku kujaza gesi kabla ya tundu kuzibwa, na daftari lionyeshe kilo ngapi zimeingia katika kila mashine. Daftari hilo peke yake lingewafumbua watu macho kuliko semina kumi.

Mabasi nitayagusa kwa ufupi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa dizeli mwaka 2012 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Pamoja na hayo, saa ya kutoka shule utakuta mabasi yamejipanga mstari, injini zinanguruma, na watoto wanasubiri penye moshi. Kuzima injini ni amri ya siku moja. Kubadilisha mabasi ni kazi ya miaka, lakini inawezekana: Oakland, Marekani, mwaka 2024 wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za eneo hilo, iliwekewa mabasi 74, yote ya umeme. Basi la shule hushinda limeegeshwa muda mwingi, kwa hiyo betri yake inaweza hata kurudisha umeme kwenye gridi.

Chakula kinachotupwa kikioza chini ya lundo la taka, pasipo hewa, hutoa methani, gesi nyingine inayolitia joto anga. Wapishi wanajua siku gani ndoo za mabaki hujaa, waulizwe wao. Na mahali ambapo watoto hula kabla ya mapumziko, sahani hurudi nusu, kwa kuwa akili yote iko uwanjani. Wakicheza kwanza, wanakuja na njaa. Ni suala la kupanga ratiba tu.

Nikirudi kwenye fedha, ambazo ndizo zinazoisukuma au kuizuia kila ofisi, kuna wilaya ya shule iitwayo Batesville, katika jimbo la Arkansas, Marekani. Ilikuwa na nakisi ya dola 250,000. Ikapima majengo yake, ikabadilisha taa na madirisha, ikafunga paneli za sola zaidi ya 1,400. Baada ya miaka mitatu ilikuwa na ziada ya dola milioni 1.8, na sehemu ya fedha hizo ikaingia kwenye mishahara ya walimu. Natamani mfano huo usomwe kwa sauti katika kila kikao cha bajeti, hasa pale mtu anaposimama na kusema kwamba mazingira ni anasa ya wenye nazo. Angalia pia mpangilio wao: walipima kwanza. Nimeshawahi kuagizwa kufunga vifaa vipya katika jengo ambalo nyaya zake zilikuwa zinapoteza umeme ukutani. Vifaa viling’aa, ankara ikabaki pale pale.

Ombi langu kwa wilaya, Ndugu Mhariri, ni kwamba ichapishe matumizi ya umeme, maji na mafuta ya kila shule kwa mwaka uliopita, shule kwa shule, pamoja na idadi ya wanafunzi wake. Majina ya walimu wakuu hayahitajiki. Ikishindikana kuzipata namba hizo kutoka masijala, Ijumaa yoyote jioni mimi nipo, nina daftari na tochi, na mita nyingi bado nakumbuka zilipofungwa.

Wako,
Fundi umeme mstaafu