Mwanangu, sabuni itaniua

Oya mwanangu,

Za tangu mwezi wa tatu? Najua umenuna, meseji zako nimeziona na sikujibu, nisamehe bure. Huku Uholanzi baridi tu, na nimekonda, bi mkubwa usimwambie.

Sasa sikia. Lile bomba langu la wima maabara, ulilosema linafanana na bomba la mvua la kwa mjomba. Chini naingiza hewa na maji, hewa inapita katikati, maji yanapanda yamegandamana na ukuta. Ukipunguza hewa yanashindwa kupanda, yanaporomoka, presha inaruka ruka hovyo. Ndo kinachoua visima vya gesi vikizeeka, gesi bado ipo ila haina mbio za kutoa maji, kisima kinajizamisha chenyewe. Ukitia sabuni maji yanakuwa povu, jepesi, hata hewa kidogo inalibeba.

Jumatatu nikatia, presha ikashuka, nikacheza kabisa. Jumanne nikaongeza hewa nikijua itashuka zaidi, wapi! Ikapanda kupita hata ya maji matupu. Nikabadili geji, nikafungua vali zote, nikalaumu kompresa, povu likafurika mpaka kwenye ngazi (yule jamaa wa Tandika angekuwepo angefua na mashuka). Msimamizi kuja, akacheka tu. Kumbe hewa ikiwa na kasi maji yanapanda yenyewe, sabuni haina cha kusaidia, halafu lile povu nene ukutani linabana njia na kukwaruzana na hewa.

Kinachoniuma, kwenye proposo nilijaza kurasa kwamba siri ni mvutano wa uso wa maji, ile nguvu inayofanya uso wa maji ujikaze kama ngozi, ukitia sabuni unashuka kutoka 72 hadi kama 30 (milinyutoni kwa mita). Jana napiga hesabu kwa fomula ya Turner ya 1969, mvutano umo kwa mzizi wa nne bwana! Kasi ya hewa inayotakiwa kubeba maji inapungua asilimia 20 tu. Kazi kubwa ni ya povu. Sura nzima naandika upya, na ile presha ya Jumanne bado naiota.

Wewe uliyefanya fildi Songo Songo, visima vya gesi vya kule vilikuwa vinatoa maji? Ya chumvi au? Na yale mafuta mepesi yanayotoka na gesi yapo mengi? Maana hayo yanaua povu. Halafu dogo amepata chuo? Na ile elfu hamsini yangu, au ndo nisahau?