Kikao cha mwisho kabla ya safari

Habari za jioni, wapendwa. Tunakutana kwa simu ya video Jumapili saa 2 usiku.

1. Pasipoti iwe na uhalali wa angalau miezi 6 kuanzia siku ya kuingia nchini. Nchi nyingi hudai hivyo.

2. Jifunzeni salamu, asante, samahani na "naitwa" kwa lugha ya wenyeji. Sikilizeni sauti, msiishie kusoma. Matamshi ndiyo huwaangusha wengi.

3. Siku 3 za kwanza tutarudi mkahawa ule ule, saa ile ile, kiti kile kile ikiwezekana. Ugeni huanza kuisha mhudumu anapokutambua kabla hujaagiza. Anayehamahama kila asubuhi hubaki mgeni, jamani!

Tafadhali jibuni "Nipo" au "Sipo" kabla ya Ijumaa saa 12 jioni.