Ngoma za Karibi: ukumbi umebadilika

Ndugu zangu, habari za wiki? Wakubwa, shikamooni.

Jioni yetu ya ngoma za Karibi ni Jumamosi hii kama tulivyopanga, ila ukumbi wa Brixton tumeukosa. Tutakuwa Peckham, palepale tulipofanyia Idi. Mlango unafunguliwa saa 10 jioni, ngoma saa 11 kamili. Kamili ya saa, si ya kwetu!

Tutaanza na Kumina, ngoma ya ibada ya Jamaika, waliyokwenda nayo Wakongo waliopelekwa huko kama vibarua wa mkataba baada ya utumwa kufutwa. Mpigaji huikalia ngoma kama farasi na kubadili sauti yake kwa kisigino, kwa hiyo watoto wakae mbele waone. Kisha mapipa ya Trinidad, yaani ngoma za chuma (steelpan): mwaka 1884 serikali ya kikoloni ilibana ngoma za ngozi mitaani, watu wakahamia kwenye mianzi, na miaka ya 1930 wakaanza kupiga mabati na makopo.

1. Mchango ni pauni 8, watoto bure. Mtumieni mweka hazina kabla ya Alhamisi usiku.
2. Pilau na kachumbari ni zetu. Majirani Wajamaika wanaleta wali wa nazi wenye maharage; wa kwetu utapata mshindani.
3. Nahitaji watu wanne wa kupanga viti saa 8 mchana.
4. Mwenye msondo au chapuo aje nayo.

Tafadhali jibu hapa NIPO au SIPO, na idadi ya mnaokuja, kabla ya kesho jioni. Asanteni.