Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu ya Juu: makala za watafiti wetu zisomwe na Wakongomani

Lubumbashi, Haut-Katanga

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu ya Juu na Chuo Kikuu,
Kinshasa

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka Lubumbashi. Mimi ni mkutubi wa maktaba ya chuo. Wanaonijia kila siku ni wanafunzi wanaoandika TFC, yaani kazi yao ya kuhitimu, maasistanti wanaotafuta kupanda kuwa ma-CT (chefs de travaux), na maprofesa wanaotaka kazi zao zijulikane. Nakuandikia kwa ajili yao wote, na ombi langu ni moja. Katika Instruction académique ijayo, ile inayotoka wizarani kwa kila mwaka wa masomo, agiza kwamba makala ya mtafiti wa vyuo vyetu ikishakubaliwa na jarida, nakala yake iwekwe mara moja katika hifadhi ya wazi mtandaoni, na kwamba anayeomba kupandishwa cheo ahesabiwe makala zilizomo humo tu.

Nakala ninayoisema ni ipi, hapo ndipo wengi wetu wanapopotea. Makala ya kisayansi hupita katika hali tatu. Kwanza ni rasimu ambayo mwandishi anaituma kwa jarida kabla hajaisoma mhakiki yeyote. Kisha wahakiki wanaichambua, mwandishi anarekebisha na kurudisha, pengine mara mbili au tatu, mpaka mhariri amwandikie kwamba imepita. Hiyo ni nakala iliyokubaliwa. Mwisho mchapishaji anaipanga kurasa, anaitia nembo yake, namba za kurasa na DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha mtandaoni, na hiyo ndiyo nakala ya mchapishaji. Sayansi iliyomo katika ya pili na ya tatu ni ileile, vipimo vilevile na hitimisho lilelile. Kinachotofautiana ni sura ya ukurasa na, kisheria, nani anaruhusiwa kuisambaza.

Mwandishi anapotia sahihi mkataba wa kukabidhi haki zake, kinachofungwa zaidi ni ile nakala ya tatu. Mbili za mwanzo wachapishaji wengi wanamwachia nafasi. Elsevier, kwa majarida yake mengi, inamruhusu kuweka rasimu popote na wakati wowote, na nakala iliyokubaliwa kwenye tovuti yake binafsi papo hapo. Hifadhi ya chuo ndiyo inayosubiri muda wa zuio, yaani kipindi kabla nakala haijafunguliwa kwa wote, ambao kila jarida limejipangia. Springer inataka hifadhi isubiri miezi 12. Sage na Emerald hawana zuio kwa nakala iliyokubaliwa. Masharti haya yamekusanywa mahali pamoja, jarida kwa jarida, katika huduma iitwayo Open Policy Finder, iliyojulikana zamani kama Sherpa Romeo, na kuyaangalia hakulipiwi chochote. Ni kazi ya dakika chache kwa mkutubi yeyote mwenye mega kwenye simu yake.

Lakini watafiti wetu hawajaambiwa. Profesa mmoja aliniletea barua pepe ya mchapishaji wa nje iliyomtaka aondoe makala yake mtandaoni. Alikuwa ameweka nakala ya mchapishaji kwenye mtandao wa kijamii wa watafiti, kwa nia njema kabisa, ili wanafunzi wake waisome. Ilimuuma sana. Kazi ni yake, sampuli za maji alichota mwenyewe mtoni, na leo anaambiwa amevunja mkataba. Tukakaa, tukafungua barua zake za zamani na mhariri. Faili tuliyoitaka ilikuwamo, kiambatisho cha Word chenye namba za mistari pembeni na majedwali yote yamesukumwa mwishoni. Tukaangalia masharti ya jarida, tukakuta zuio limekwisha zamani. Juu ya ukurasa wa kwanza tukaandika jina la jarida na DOI ya nakala rasmi, tukaigeuza PDF, tukaiweka Zenodo, hifadhi ya wazi ya mtandaoni. Kabla umeme haujakatika mchana ule, makala ilikuwa inasomeka Katuba, Kinshasa na kwingineko kote, na mkataba haukuguswa.

Mitandao hiyo ya kijamii ya watafiti, Mheshimiwa, isichanganywe na hifadhi. ResearchGate ni kampuni ya biashara. Elsevier na Chama cha Kemia cha Marekani waliifikisha mahakamani Ujerumani mwaka 2017, na mvutano huo ukamalizwa kwa mapatano mwaka 2023. Hifadhi ya chuo, au Zenodo inayotunzwa na CERN huko Geneva tangu 2013, haitegemei matangazo, haimlazimishi msomaji kujisajili, na Zenodo huipa kazi DOI yake.

Nakala iliyokubaliwa ndiyo inayopotea upesi kuliko zote. Mwandishi akishaona makala imechapishwa, haoni tena sababu ya kuitunza ile faili ya Word. Kompyuta inaharibika, flashi inaibiwa, nywila ya barua pepe inasahauliwa, na baada ya miaka mitano hakuna anayeweza kuipata. Ndiyo sababu nasisitiza iwekwe wiki ileile inapokubaliwa, hata kama zuio bado. Programu za hifadhi, kama DSpace ambayo vyuo vingi duniani vinaitumia bila malipo, zinaweza kuificha faili na kuifungua zenyewe siku muda ukifika. Mkutubi anaandika tarehe mara moja tu.

Faida yake nikuoneshe kwa jambo la hapa kwetu. Mwaka 2018 jarida la Nature Sustainability lilitoa utafiti kuhusu uchimbaji wa mikono wa kobalti katika mtaa wa Kasulo, Kolwezi, uliofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji. Walipima damu na mkojo wa watu wanaoishi katikati ya mashimo, wakawakuta na kobalti nyingi kupita wakazi wa eneo la jirani, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Jarida ni la kulipia. Hata hivyo mwanafunzi wangu akiutafuta utafiti huo leo anausoma wote, kwa sababu nakala ya waandishi iko PubMed Central, hifadhi ya wazi ya makala za tiba. Muuguzi wa Kolwezi anaweza kuusoma. Mwanasheria anayetetea familia za Kasulo anaweza kuusoma na kuutaja mbele ya hakimu. Sasa chukua makala nyingine kuhusu ardhi, samaki, udongo na damu ya watu wa Katanga ambazo waandishi wao hawakufanya hivyo. Mwanafunzi anafika kwenye ukurasa wa jarida, anasoma muhtasari, na chini yake anakuta bei ya dola 30 au 40 kwa makala moja. Anaifunga na kuandika TFC yake bila utafiti uliofanyika mtaani kwao.

Najua utaambiwa tuna Research4Life, mpango wa kuzipa taasisi za nchi maskini majarida ya kulipia. Ni kweli, na ninaishukuru. Tangu HINARI, sehemu yake ya majarida ya afya, ilipoanza mwaka 2002 imezifungulia taasisi za nchi kama yetu maelfu ya majarida. Lakini mlango huo unapitia taasisi iliyojisajili na nywila yake. Mwanafunzi akishahitimu hana nywila. Mkulima, mwandishi wa habari, mwalimu wa sekondari kule Kipushi hajawahi kuwa nayo.

Utaambiwa pia kwamba waandishi walipe, makala ziwe wazi moja kwa moja kwa mchapishaji. Kwa mishahara ipi? Mwaka 2021 jarida la Nature liliweka ada ya euro 9,500 kwa makala moja ya wazi. Misamaha ya ada kwa nchi zetu ipo, ila kwa kawaida inahusu majarida yaliyo wazi yote, si yale ya mchanganyiko yanayouza usajili huku yakitoza waandishi. Njia ninayokuomba haimdai mwandishi hata faranga moja.

Mfano wa kuiga upo Ubelgiji. Chuo Kikuu cha Liège kilizindua hifadhi yake, ORBi, mwaka 2008. Rekta wa wakati huo, Bernard Rentier, hakuishia kuwasihi maprofesa. Aliweka kanuni kwamba mtu anapoomba kupandishwa cheo, orodha ya kazi zake itachukuliwa kutoka ORBi, na kisichokuwamo hakihesabiwi. Hifadhi ikajaa. Kwetu kanuni hiyo ingekuwa na nguvu zaidi, maana hakuna jambo linalomhangaisha asistanti kama kuhesabiwa makala. Tena ingesaidia dhidi ya ugonjwa mwingine tunaoujua sote, wa majarida bandia yanayokubali chochote mradi ulipe. Makala iliyo wazi mbele ya kila mtu, kamati inaweza kuifungua na kuisoma yenyewe, na wenzake mwombaji wanaweza kuuliza maswali. Orodha ya vichwa vya makala kwenye CV haimpi mtu nafasi hiyo.

Wenzetu wamekwenda hadi kwenye sheria. Ufaransa, kwa sheria ya tarehe 7 Oktoba 2016, ilimpa mwandishi ambaye utafiti wake umegharamiwa angalau nusu na fedha za umma haki ya kuitoa wazi nakala iliyokubaliwa baada ya miezi 6 kwa sayansi na tiba, au 12 kwa sayansi za jamii, hata kama ameshamkabidhi mchapishaji haki zote. Ubelgiji ilifanya vivyo hivyo kwa sheria ya 30 Julai 2018. Marekani, Taasisi za Taifa za Afya zimelidai jambo hili kwa utafiti zinaougharamia tangu 2008, na tangu Julai 2025 zimeondoa hata kile kipindi cha kusubiri. Sheria yetu ya haki za waandishi ni ordonnance-loi namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, ya enzi za Zaire, iliyoandikwa kabla intaneti haijafika kwetu. Kuibadilisha ni kazi ya Bunge na itachukua muda wake. Agizo la wizara halina haja ya kuisubiri, kwa kuwa wachapishaji wengi tayari wanaruhusu ninachokiomba.

Kuhusu ile rasimu ya kwanza, isiyohakikiwa, nisingependa ulazimishe mtu. Wanafizikia wamezitoa rasimu zao hadharani kupitia arXiv tangu 1991 na sayansi yao imenufaika. Katika tiba mambo ni tofauti. Wakati wa Ebola ya Beni na Butembo, kuanzia 2018 hadi 2020, tuliona jinsi neno moja lisilo na uhakika linavyoweza kuwafanya watu wakimbie kituo cha matibabu. Anayetaka kuitoa mapema aitoe, mradi aandike wazi juu yake kwamba wahakiki bado hawajaisoma. Ninachotaka kiwe lazima ni nakala iliyokubaliwa peke yake.

Kuna jambo dogo la leseni ambalo ni mimi na wakutubi wenzangu tunaoliona, na ninakuomba lisisahauliwe na watakaoandika agizo. Sehemu kubwa ya tafiti kuhusu Katanga na Kivu huandikwa kwa Kiingereza. Elsevier inapotaka nakala iliyokubaliwa itolewe chini ya leseni ya Creative Commons iitwayo CC BY-NC-ND, inaruhusu isomwe na isambazwe lakini si kutafsiriwa na kugawiwa. Maana yake makala yenye matokeo ya damu ya mtoto wa mchimbaji haiwezi kutafsiriwa kwa Kiswahili na kupelekwa kwa mama yake bila ruhusa ya kampuni. Pale jarida linapomwachia mwandishi achague leseni, agizo limwelekeze kwenye CC BY, inayoruhusu tafsiri mradi mwandishi atajwe. Pale lisipomwachia, aombe ruhusa ya tafsiri kwa maandishi kabla hajatia sahihi. Wengi hawaombi kwa sababu hawajui kwamba mkataba ule wanaweza kuujadili.

Usimamizi usikutie wasiwasi. Chuo chenye hifadhi yake kiitumie. Kisicho nayo kianze na Zenodo wiki hii, kwa kufungua ukurasa wa pamoja kwa jina la chuo. Kila kitivo kiwe na mkutubi mmoja ambaye mwandishi anamtumia faili na barua ya mhariri, na yeye ndiye anayeangalia masharti, anayeandika DOI na tarehe ya kufunguliwa. Kuna maprofesa wazee wasiopenda kujaza fomu za mtandaoni, nao wana haki ya kuheshimiwa. Mkutubi atajaza kwa niaba yao. Kazi hii tunaiweza, na baadhi yetu tunaifanya tayari bila kutumwa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Waziri, nakuomba aya moja katika Instruction académique ijayo, yenye mambo matatu tu: nakala iliyokubaliwa iwekwe ndani ya siku 30 tangu barua ya mhariri, kamati za vyeo zisome kutoka kwenye hifadhi, na kila kitivo kimteue mkutubi wake. Ianze na makala zitakazokubaliwa kuanzia mwaka ujao wa masomo, ili asiwepo wa kudai kwamba amegeuziwa kanuni njiani. Rasimu ya aya hiyo nimekwisha kuiandika kwa Kifaransa, na ofisi yako ikiihitaji nitaituma siku hiyohiyo.

Pokea, Mheshimiwa Waziri, heshima zangu za dhati.

Mkutubi wa chuo, Lubumbashi