Malalamiko Kuhusu Kadi ya Waifai AX201 Niliyouziwa kwa Jina la AX200

Steshenari, Mwanga,
Kigoma.
19 Agosti 2024

Meneja,
Duka la Vipuri vya Kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KADI YA WAIFAI NILIYONUNUA KWENU TAREHE 29 JULAI

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Siku hiyo nililipa Sh 65,000 kwa lipa namba yenu, pamoja na Sh 10,000 za kusafirisha kifurushi, nikinunua kadi ya waifai, kile kipuri cha ndani ya laptopu kinachonasa mtandao, aina ya Intel AX200. Kabla ya kulipa nilimtumia kijana wenu wa mauzo picha ya laptopu yangu, Dell Latitude 7480 yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 7, nikamwuliza kama kadi hiyo itakubali. Alinijibu kwa maandishi kwamba inakubali bila shida, ni kuchomeka tu. Ujumbe wake ninao mpaka leo.

Sikuwa natafuta kasi. Kadi niliyokuwa nayo ilikuwa imechoka, inakata mtandao kila baada ya dakika chache, na steshenari yangu inaishi kwa maombi ya mtandaoni. Miezi hii vijana waliomaliza kidato cha 6 wanatoka Ujiji, wengine Kasulu, kuja kujaza fomu za vyuo na za mikopo. Mtandao ukikatika kwenye ukurasa wa mwisho, mtoto wa watu anaanza upya huku nauli ya kurudi kwao ameishika mkononi. Ndiyo maana niliagiza kipuri kutoka zaidi ya kilomita 1,000.

Kifurushi nilikipokea stendi ya Masanga. Jioni ile ile nilizima mashine, nikafungua kitako, na kabla ya kugusa kitu kingine chochote nikachomoa waya wa betri kwenye ubao. Nalisema hili kwa makusudi, mtaona sababu. Mke wangu alinimulikia kwa tochi ya simu. Vichwa vya waya za antena ni vidogo kama punje ya mtama. Nilivipanga, mweusi mahali pake na mweupe mahali pake, nikabonyeza kwa ukucha kimoja kimoja mpaka nikasikia vimekaa. Nikakaza skrubu, nikawasha.

Hakuna kitu. Alama ya waifai haikuwepo, na Bluetooth nayo ilikuwa imetoweka. Kwenye orodha ya vifaa ya Windows haikuonekana hata ile alama ya njano ya kifaa kisichotambulika. Kadi iliyokosa draiva, yaani programu ya kuiendesha, mashine huiona, ikalalamika. Hii haikuonekana kabisa. Niliingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, kwa F2, nikakuta waifai na Bluetooth zote zimeruhusiwa. Nikapakua draiva za Intel na BIOS mpya ya Dell kwa bando la simu, kwa waya wa USB. Hali ikabaki vile vile.

Nilipowapigia mara ya kwanza mliniambia nipige Windows upya. Nikapiga, na steshenari ikalala siku 2. Nilipowapigia tena, kijana wenu akaniambia nimeiunguza mwenyewe kwa kuifunga betri ikiwa na moto, na kwamba kadi iliyofungwa na mtu asiye fundi haina waranti. Maneno hayo yameniuma kuliko pesa, maana yalisemwa na mtu ambaye hakuniuliza hata swali moja.

Swali lilikuja kuulizwa na fundi mmoja hapa hapa Mwanga: "Stika ya kadi yenyewe inasemaje?" Mimi nilikuwa nimesoma stika ya pakiti tu, iliyobandikwa dukani kwenu, imeandikwa AX200. Ya kwenye kadi ina maandishi madogo kiasi kwamba ilibidi niipige picha na kuikuza. Imeandikwa AX201NGW.

Ndugu Meneja, tarakimu hiyo moja ndiyo kesi nzima. Kadi hizi mbili zinalingana kwa umbo na zinaingia sloti ile ile, lakini AX200 inajitosheleza: waifai yake inazungumza na mashine kwa njia ya PCIe, na Bluetooth kwa njia ya USB. AX201 ni nusu ya kadi. Inabeba sehemu ya redio, na kazi iliyobaki inategemea chipseti ya Intel, yaani chipu za mashine yenyewe, iliyotengenezwa kwa mfumo wa CNVi wa kugawana kazi hiyo na kadi; kwa AX201 ni kuanzia mashine za kizazi cha 10. Laptopu yangu ya kizazi cha 7 haina kitu hicho. Hakuna draiva wala Windows itakayokileta.

Fundi aliijaribu kwenye laptopu ya kizazi cha 11, mwenye laptopu hiyo akiwa ameridhia, na waifai ikawaka papo hapo. Kwangu tukarudisha kadi yangu ya zamani, nayo ikaonekana mara moja. Basi sikuunguza kadi, wala sloti yangu haijafa.

Naomba mnitumie AX200NGW, usafiri ukiwa juu yenu, na kabla ya kuifunga mnitumie picha ya stika ya kadi yenyewe, siyo ya pakiti. Kama hamna, nirudishieni Sh 75,000 zangu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouziwa. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani, nikiambatanisha risiti ya EFD na ujumbe wa kijana wenu. Neno la kwamba nimeiunguza nataka lifutwe kwa maandishi.

Tena, fungueni pakiti zilizobaki kwenye shelfu, msome kadi moja moja. Kama stika zilichanganywa, yupo mteja mwingine, pengine Kibondo au Mpanda, ambaye sasa hivi anapiga Windows kwa mara ya tatu akidhani laptopu yake imekufa.

Kadi yenu nimeirudisha ndani ya pakiti yake, stika sijaibandua. Iko tayari kupanda basi siku mtakayonijibu.

Wenu,

Mteja wenu wa Mwanga, Kigoma