Vanishi na sabuni vinaua vikapu vya kale

Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi kuhusu mapambo ya nyumba iliwashauri wenye vikapu vya kale wavioshe kwa maji ya sabuni, wavianike juani, kisha wavipake vanishi ving'ae. Picha mliyoweka ilikuwa ya kikapu cha Wayokuts, wenyeji wa asili wa California huko Marekani, cha bega bapa na shingo fupi. Kikapu cha namna hiyo kikipitishwa kwenye hatua hizo tatu kimekwisha, na kwa hewa ya Dar es Salaam wala hakitachelewa.

Kikapu hiki si cha ukili kama makapu yetu ya miyaa. Kimeshonwa. Kiini chake ni kitita cha mabua membamba ya nyasi za Muhlenbergia, na kikapu kikubwa hula mabua elfu kadhaa. Kitita huzungushwa kuanzia katikati ya kitako, na kila mzunguko hushonewa kwenye ule uliotangulia, tundu likitobolewa kwa msharasi wa mfupa, baadaye wa chuma. Uzi wa rangi ya maziwa ni mzizi wa majani ya jamii ya ndago, uliopasuliwa na kumenywa. Mwekundu wa hudhurungi ni kijiti cha kichaka kiitwacho Cercis, kilichopasuliwa huku gome likiachwa juu. Mweusi ni mzizi wa mkangaga uliofukiwa kwenye tope lenye chuma mpaka ukakolea.

Nyuzi hizo hazizeeki kwa pamoja, na makala yenu haikuligusa hilo kabisa. Mweusi hutangulia kufa. Chuma kilichoutia rangi hakikomi. Kinaendelea kuula uzi mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana kwenye kikapu chenye pambo la nyoka, yaani ule mkanda wa almasi zilizoungana, utakuta almasi nyeusi zimemomonyoka ilhali sehemu nyeupe inayozizunguka ni nzima. Wengi husingizia panya. Maji yakiingia hapo, kazi ya chuma na asidi hushika kasi na mishono hudondoka vipande. Mwekundu nao una ugonjwa wake: gome na mti vilivyolowa na kukaushwa juani havisinyai sawasawa, basi gome linabanduka. Mzizi wa ndago ndio mvumilivu kuliko wote. Kwa miaka hugeuka kutoka rangi ya maziwa hadi ya asali, na asali hiyo ndiyo watu wanayoisugua kwa sabuni wakidhani ni uchafu!

Atakuwepo wa kusema kwamba Wayokuts wenyewe walipikia ndani ya vikapu. Ni kweli. Mawe ya moto yalitumbukizwa kwenye uji wa kokwa za mwaloni na kukorogwa, na mishono ikivimba kwa maji ilijibana isivuje. Lakini huo ulikuwa uzi mbichi wa kazi. Uzi uliokaa mkavu miaka mia umepoteza unyumbufu, na ukivimba ghafla hujikata wenyewe. Masalio ya uji ndani ya kikapu yaacheni. Ndiyo yanayoonyesha kwamba kilipikiwa.

Kwenye bega la vikapu vya shingo palichomekwa manyoya ya kichwa ya kware na nyuzi nyekundu za sufu. Nondo na mbawakawa wadogo wala manyoya huvila hivyo kwanza, vikabaki vishina na vitundu vilivyojipanga. Kuchomeka manyoya ya kanga ili pajae ni kufuta ushahidi, hata kama fundi amekusifia kazi.

Vanishi huingia kwenye kiini na haitoki tena, hugeuka njano, na vumbi hunasa humo daima.

Kusafisha kunatosha kwa brashi laini ya rangi, ukifuata mwelekeo wa mishono kutoka ukingoni kwenda chini, huku mdomo wa mashine ya kunyonya vumbi, uliofungwa kitambaa cha wavu, ukiwa kando bila kugusa kikapu. Kibebwe kwa mikono miwili kutoka chini, kamwe si kwa ukingo. Vaeni glavu, kwa sababu mikusanyo mingi ya zamani ilinyunyiziwa sumu ya aseniki kuzuia wadudu.

Ukiona unga laini chini ya kikapu, kimebunguliwa. Kifunge kwenye nailoni, toa hewa, ziba kwa utepe, kiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Umeme ukikatika friza ikayeyuka, anza kuhesabu upya. Ukikitoa, usifungue nailoni kwa saa 24, la sivyo umande utatua juu ya kikapu.

Adui mkubwa hapa pwani ni unyevu. Ukipita asilimia 65 ukungu huota, na masika huo ndio unyevu wa kawaida wa chumba. Sanduku la kioo lililozibwa vizuri, lenye pakiti za jeli ya silika inayofyonza unyevu na kipima unyevu kidogo, linashinda kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku. Huko kupanda na kushuka ndiko kunakochosha nyuzi. Kikae mbali na dirisha, kisiegemee ukuta wa nje. Ndani kijazwe karatasi isiyo na asidi ili mabega yasizame. Si gazeti, hata lenu.

Haya yote yanahusu pia vikapu vya kale vya kushonwa vya Kagera, ambavyo vipo kwenye nyumba nyingi za jiji hili kuliko vya California. Tunaomba mchapishe masahihisho. Na aliyekwisha kupaka vanishi asijaribu kuitoa kwa thina, kwa kuwa thina huipeleka ndani zaidi.

Watunza vikapu na mikeka,
Upanga, Dar es Salaam