Utazame mchanga kwanza

Shoga yangu,

Nimekupigia mara mbili hupokei, na nakujua, ukishaizima simu sauti ndiyo basi mpaka jioni. Naandika. Ujumbe wako nimeuona: paka wako Pasha leo siku ya tatu hajapata choo, anaingia kwenye beseni la mchanga, anajikunja, anatoka, dakika mbili hazijaisha karudi. Nawe unauliza umpe nini. Kabla sijakwambia umpe nini, inuka ukautazame ule mchanga. Barua haikimbii.

Unachotafuta ni mkojo. Sisi tukimwona paka anajikamua, mawazo yote yanakwenda kwenye choo kikubwa, kumbe mara nyingine kilichoziba ni njia ya mkojo. Madume mrija wao ni mwembamba, ukiziba kibofu kinajaa, figo zinashindwa kazi, sumu inabaki kwenye damu mpaka mapigo ya moyo yanavurugika. Ni jambo la kuua ndani ya siku moja au mbili. Na kwa kumtazama tu ni vigumu kujua, maana mkao ni ule ule. Kwa hiyo hesabu mabonge. Kama tangu jana hukuti mchanga ulioganda kwa mkojo, au unakuta vitone tu, au anajilamba huko chini bila kupumzika na analia ukimgusa tumbo, barua iishie hapo hapo. Mtie kwenye kikapu chake umpeleke kwa daktari wa mifugo, hata iwe usiku wa manane.

Umeyakuta mabonge kama kawaida? Haya, vuta kiti.

Mimi yalinikuta kwa paka wangu Kibibi. Unamjua alivyo, bibi wa miaka 11 asiyependa kuulizwa habari zake. Nilikuwa nazoa mchanga wake kila asubuhi huku naongea na simu, sitazami ninachozoa, na nadhani zilipita siku nne hivi. Nilichokiona kwanza ni vidonge viwili vya kinyesi nyuma ya mlango, vidogo, vikavu. Nilipovitupa vililia ko, ko, ndani ya pipa kama kokoto. Kesho yake nikakuta doa la maji ya kahawia kwenye zulia. Nikasema basi, anaharisha. Hapo ndipo nilipopotea. Kinyesi kigumu kikikwama ndani, majimaji kidogo hupenya pembeni yake yakatoka, nawe ukadhani ni kuhara. Ningempa dawa ya kuzuia kuhara ningekuwa nimemfungia mlango kwa kufuli. Jioni akajikamua mpaka akatapika, nami nikazidi kuamini kwamba kala kitu kibaya.

Nikauliza watu, na kila mtu ana dawa ya paka. Huyu maziwa, yule mafuta. Maziwa nilimpa, akayanywa yote kwa furaha, kisha tumbo likaanza kunguruma nikalisikia nikiwa upande wa pili wa chumba. Paka wengi wakishakua hawana tena uwezo wa kuisaga ile sukari ya maziwa. Wanaharisha na kupoteza maji, na maji ndiyo hasa anayoyakosa aliyefunga choo. Mafuta nilimpa kwa bomba la sindano, nimemkaba kwa taulo. Akakohoa kidogo akanyamaza. Daktari nilipomsimulia alivua miwani. Akaniambia mafuta hayalikeri koo, mnyama hashtuki akakohoa inavyotakiwa, yanateleza yakaingia mapafuni, na nimonia yake ni ngumu kutibu. Tulisalimika kwa bahati tu. Kwa hiyo nikisikia umempa mafuta kwa nguvu, tutakosana.

Daktari akamminya Kibibi tumbo taratibu, kisha akachukua vidole vyangu viwili akaviweka pale pale. Shoga, nilivigusa vidonge vya kinyesi humo ndani. Vimejipanga mstari mmoja kama shanga kwenye uzi, vigumu, na Kibibi ananitazama kama anayesema umeona sasa. Picha ya eksirei ikaonyesha utumbo mpana umejaa. Akatundikiwa maji, yale ya chini ya ngozi, akaota nundu mabegani kama ngamia; nundu ile ilishuka polepole ikateremkia mguu mmoja, nikaogopa, kumbe ni kawaida, mwili unayanywa. Baadaye akalazwa usingizi mwepesi akapigwa bomba la maji ya uvuguvugu kupitia njia ya haja kubwa na kutolewa uchafu kidogo kidogo. Hiyo kazi usiijaribu nyumbani. Tena kuna dawa za bomba za binadamu zenye fosfeti ambazo zinaweza kumuua paka, hata kama kwako ni kitu cha kununua bila cheti.

Damu ilipopimwa ndipo tukaupata mzizi: figo zimeanza kuchoka. Figo zikichoka zinamwaga maji mengi kwenye mkojo, mwili unabaki na kiu, na utumbo mpana, ambao kazi yake ni kunyonya maji, unakausha kila kinachopita. Kikikauka kinauma kutoka. Kikiuma, paka anajizuia. Akijizuia kinakaa ndani, kinanyonywa tena, kinakuwa jiwe. Hali hiyo ikirudiarudia, utumbo unatanuka unalegea, unashindwa kusukuma, na paka waliofika huko wengine huishia kwenye upasuaji wa kukatwa sehemu ya utumbo. Ndiyo maana sikubali uniambie "nimemzoea, atakwenda tu." Paka mzima kwa kawaida hupata choo mara moja kwa siku au karibu na hapo. Saa 48 zikipita, daktari aulizwe. Pasha wako yuko siku ya tatu.

Na Pasha ni mnene, samahani lakini ni kweli. Je, anakula? Hukunitajia. Paka mnene akigoma kula siku mbili tatu, mafuta ya mwilini yanakimbilia kwenye ini na kuliziba, na hapo unakuwa na mgonjwa wa magonjwa mawili. Hajala tangu jana, au anatapika, au amelegea kajificha chini ya kitanda? Basi usipange kesho.

Sasa maji, maana kwangu yaliyobaki yote yanazungukia hapo. Paka asili yake ni mnyama wa nchi kame, alizoea kupata maji kutoka kwenye mwili wa panya aliyemla, kiu yake ni ndogo. Ukimlisha chakula kikavu, chenye maji asilimia 10 hivi, anatakiwa ayafidie kwa kunywa, na hayafidii yote. Chakula cha kopo karibu robo tatu yake au zaidi ni maji. Nilimhamisha Kibibi polepole, nikichanganya kwa siku kama kumi, kwa sababu ukibadilisha ghafla utahama kutoka kukosa choo hadi kuhara kweli kweli. Hata hicho cha kopo naongeza vijiko viwili vya maji vuguvugu nakivuruga. Bakuli la maji nikaliondoa karibu na chakula, na la pili nikaliweka kwenye korido, na hilo la korido ndilo alilolipenda, sijui kwa nini. Anakunywa akiwa amelipa kisogo beseni lake.

Na hilo beseni! Daktari aliniuliza kingo zake zina urefu gani nikacheka, nikidhani anatania. Kumbe Kibibi nyonga zinamuuma, uzee, na kila akitaka kwenda haja lazima aruke ukuta. Ingekuwa wewe, ungekwenda? Nilichukua kisu cha moto nikakata upande mmoja ukabaki urefu wa vidole vitatu, nikalainisha ukingo kwa msasa. Siku ile ile aliingia akasimama humo kama mtu anayekagua nyumba mpya. Beseni chafu nalo linamfanya ajizuie, na mabeseni ni bora yazidi idadi ya paka kwa moja. Wewe una paka wawili na beseni moja, na yule mdogo wako mkorofi namjua, huwa anamvizia Pasha pale pale mlangoni. Anza na hilo.

Umenitajia boga. Boga lililochemshwa tupu, bila chumvi, bila kitunguu wala kitunguu saumu maana hivyo ni sumu kwao, kijiko kidogo ndani ya chakula, wapo linaowasaidia. Lakini nyuzinyuzi bila maji zinazidisha kuziba, na utumbo uliokwisha kulegea hauzitaki kabisa. Mpe baada ya kufunguka, leo usimpe. Kibibi alipewa laktulosi, dawa ya kulainisha choo, ni maji mazito matamu ambayo hata binadamu tunapewa, ila kipimo alikipanga daktari kwa uzito wake na tumekirekebisha mara mbili kwa kutazama mchanga. Anaichukia. Namwekea shavuni pembeni, kidogo kidogo, kisha wote wawili tunakwenda kujisafisha, maana inanata mpaka kwenye nywele zangu. Dawa nyingine za kulainisha choo za kwetu binadamu usimguse nazo.

Halafu manyoya. Pasha ana koti la msimu wote. Mchane kila siku, anachokimeza akijilamba kinakwenda kuchanganyika na kinyesi kikawa kamba. Na ukija kuona uzi umening'inia nyuma au mdomoni usiuvute, hata uwe mfupi vipi. Uzi ule unaweza kuwa umeshonana na utumbo ndani, ukiuvuta unakata.

Ukienda kwa daktari mweleze siku ya choo cha mwisho, kilikuwaje, anakula nini, na kama kuna dawa yoyote umempa, hata ile unayoona aibu kuitaja. Mimi mafuta nilitaka kuyaficha. Na kama aliwahi kugongwa au kuanguka miaka ya nyuma, sema, kwa sababu nyonga iliyovunjika ikaunga vibaya inabana njia.

Kibibi hajambo. Leo alfajiri nimesikia anakwangua mchanga, nikatoka kitandani bila viatu kwenda kutazama, na kilikuwa kimoja, kirefu, laini kiasi. Nimerudi kulala nikitabasamu, mume wangu akauliza kuna nini, nikamwambia habari njema.

Ukitoka kwa daktari nitumie picha. Ya beseni, siyo yako.

Mwenzako